Dakika Mbili Zaidi Bafuni

Chumba Namba Nne,
Upande wa Uani.
Jumatano, asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Mama Mwenye Nyumba,
Chumba cha Mbele, Penye Pazia.

Shikamoo Mama.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAKIKA TATU ZA BAFU NA HALI YA KICHWA CHANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, kama ambavyo mimi kwa miezi saba sasa nimehusika na kichwa changu mwenyewe. Nakuandikia kwa heshima zote, wala si kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Madoa utakayoyaona kwenye karatasi usiyashangae. Ni machozi ya mpangaji mwaminifu.

Mama, unanifahamu. Mimi ndiye kinyozi wako wa namba nne, yule ambaye mabega yake, hata shati likiwa limetoka kufuliwa sasa hivi, huonekana kama yameshinda kwenye mashine ya kusaga unga. Mwezi uliopita nilipiga moyo konde nikaenda kwa daktari wa ngozi. Akanikagua kwa tochi, akautaja ugonjwa kwa jina refu ambalo sikuweza kulirudia, kisha akanihurumia, akasema niuchukulie tu kuwa ni kaka mkubwa wa mba. Si uchafu, alisema, si laana, wala hauambukizi. Kuna fangasi wadogo mno, jamaa zake hamira, wanaoishi kwenye kichwa cha kila mtu, hata chako Mama, usinielewe vibaya. Watu wengi huishi nao kwa amani. Ngozi yangu mimi imeamua kugombana nao, ndiyo maana inawasha na kumwaga magamba yenye mafuta. Kuumaliza kabisa hakuahidi, ila kuutuliza inawezekana: shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki mpaka hali itulie, halafu mara moja moja ili usirudi. Ila povu likae kichwani dakika tano nzima ndipo nisuuze.

Nawe Mama, kwa mwandiko wako, umebandika kwenye mlango wa bafu: DAKIKA TATU KWA KILA MTU. ZIKIISHA NAFUNGA MAJI. Na kweli unafunga, kwa ile koki iliyo chini ya dirisha lako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tembo wa kwanza ni daktari, wa pili ni wewe, na nyasi zenyewe ziko kichwani kwangu. Yeye anasema tano, wewe unasema tatu. Wiki ya kwanza nilikutii wewe. Nikapaka, nikahesabu haraka haraka, nikasuuza huku nikitetemeka kama mwizi. Sikupata nafuu yoyote. Nikarudi kwa daktari kumlaumu, naye akaniuliza povu lilikaa muda gani. Nilipomwambia ukweli alicheka mpaka akavua miwani. Alisema dawa inayosuuzwa mapema ni sawa na mgeni anayefukuzwa kabla hajakaribishwa kiti. Niliona haya kwa niaba yako, Mama.

2. Wiki ya pili nikatumia akili. Nilipaka povu, nikatoka kusubiri uani ili nisimzuie mtu, nia yangu nirudi baada ya dakika tano kusuuza. Lahaula! Akaingia seremala wa namba mbili. Akitoka yeye, akaingia Mwalimu Mstaafu wa namba sita, na Mwalimu, kama unavyojua, haogi bila wimbo. Nimeupima ule wimbo. Una beti sita, na kila ubeti una kiitikio. Sasa nauliza kwa adabu tu, mbona maji yake hayajawahi kukatika hata siku moja? Sisemi kuna upendeleo, nasema nimeuona. Siku hiyo povu lilinikaukia kichwani kama gundi, nikaenda kazini hivyo hivyo, na mteja wa kwanza akaniuliza kama natoka kupaka dari chokaa.

3. Kutengwa. Tangu watu waanze kuniona najikuna, taulo langu limehamishwa kutoka kwenye kamba ya wote na sasa linaning'inia peke yake kule kwenye uzio. Aliyelihamisha sijamwona, lakini limebanwa kwa vibanio vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, na kwenye nyumba hii anayechonga mbao ni mmoja tu. Nimemweleza kwamba hauambukizi. Akaitikia ndiyo, ndiyo, huku anarudi nyuma. Hilo limeniuma, Mama, sikufichi. Kuwashwa kichwa mtu huzoea, lakini sijazoea kulikuta taulo langu kule kila jioni.

Hapohapo niongeze la dada yangu. Alikuja kunitembelea, akakiona kichwa, akasema kimekauka, akanimiminia mafuta robo chupa kwa mapenzi yake yote. Kumbe wale fangasi mafuta ndiyo chakula chao! Siku nne baadaye walikuwa wamenawiri, na mimi nilikuwa najikuna kwa mikono miwili. Dada simlaumu. Ningekuwa na dakika tano ningeyaosha yale mafuta yakatoka, kwa hiyo hili nalo naliweka mlangoni kwako.

4. Kazi. Hili ndilo linaloninyima usingizi, na daktari amesema kukosa usingizi na mawazo mengi huuchochea ugonjwa, kwa hiyo unaona mwenyewe nimebanwa wapi. Kiti changu pale kinyozini ni kile cha dirishani, nimekisimamia miaka tisa. Bosi ametuletea aproni nyeusi. Siku hizi mteja akikaa, kabla hajatazama nywele zake kwenye kioo, anatazama mabega yangu. Juzi mmoja akasema mganga hajigangi, watu wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda chumba cha nyuma nikajifanya natafuta kitana. Bosi ametoa tamko: leo Jumatano, saa tatu kamili asubuhi, atayakagua mabega yangu mbele ya wenzangu. Yakiwa meupe, kiti cha dirishani atapewa mwingine, mimi nitapewa ufagio. Mama, sijui kazi nyingine, na kile kiti nakipenda.

Utasema maji ni shida kupatikana na pipa lina mwisho. Jambo hili nimelifikiria. Katika zile dakika tano bomba linakuwa limefungwa kabisa, mtu amekaa kimya na povu lake, hapotezi hata tone. Naapa.

Kwa hiyo naomba dakika mbili zaidi, kila Jumatano na Jumapili. Ni hizo tu. Ingawa, nikifikiri vizuri, dakika mbili zisizo na ulinzi ni kazi bure, hivyo naomba pia ile koki ikabidhiwe kwa mpangaji asiye na upande, nami niko tayari kujitolea. Na kwa kuwa haifai msimamizi wa koki apange foleni na watu wa kawaida, naomba niwe naingia wa kwanza. Na kwa kuwa bafu litakuwa linatoa tiba, ni haki lihesabiwe zahanati siku hizo mbili. Seremala agonge mlango kwa kidole kimoja badala ya kugonga kama anapigilia msumari, na Mwalimu aimbe nyimbo za kuwaliwaza wagonjwa, tena akiwa nje. Ikikupendeza, lile tangazo la dakika tatu libandikwe kwenye bafu lako la ndani, tuone na wewe utafika wapi.

Mimi si mtu wa makuu, Mama. Mimi ni mtu wa dakika tano. Ya sita ikinikuta bafuni, nifungie maji kwa mkono wako mwenyewe.

Nisalimie watu wote wa chumba cha mbele, umsalimie Mwalimu, na hata seremala umsalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, ndani ya foleni na nje yake,

Kinyozi, Chumba Namba Nne.

Nyongeza: Mama, sikukueleza niko wapi. Niko humu humu bafuni, nimekalia ndoo, povu kichwani. Nilianza kuandika ili dakika tano zipite bila kujikuna, maana daktari amekataza kucha. Seremala alianza kugonga nilipofika kwenye tembo. Mwalimu alijiunga nilipofika kwenye taulo, na sasa yuko ubeti wa tano, nje kama nilivyopendekeza. Yale madoa si machozi, ni povu. Bomba nilidhani nimelifunga, kumbe nimelifunga nusu, na maji yamekuwa yakitoka tangu "Shikamoo", nawe leo sijui umechelewa wapi kufunga koki. Daktari alisema tano, hakusema arobaini, na macho yanawaka. Saa yangu inasema saa tatu kasoro robo.

Nyongeza ya pili: Seremala amelifuata taulo langu kule kwenye uzio, amelipitisha juu ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, limekunjwa vizuri. Namba tatu ifute.

Nyongeza ya tatu: Maji yamekatika sasa hivi, na hizo kandambili ninazoziona chini ya mlango nazijua ni zako. Barua naipitisha hapo hapo. Ya zahanati achana nayo, ya koki pia achana nayo. Usianze kusoma kule mwanzo, mama yangu, anzia hapa: nifungulie maji dakika moja tu, la sivyo kiti changu kitaondoka.