Baiskeli ya Mwalimu Alfayo

Jumapili, 16 Desemba 1934
Habari njema! Mwalimu Alfayo ametangaza fumbo la Krismasi kanisani. Karatasi tano zimebandikwa shamba lote la chai, kila moja na kitendawili. Unachukua herufi ya kwanza ya kila jibu, unazipanga, unapata neno. Neno linakuonyesha mahali palipofichwa nati ya chuma. Atakayeileta nati atapewa baiskeli. Mpya, na kengele yake!

Lazima niipate. Nilikwisha kumwambia Mzee Ongeri, baba yake Mellen, kwamba ninayo. Anakuja Krismasi kuiona kwanza, ndipo tuzungumze posa. Mellen anafundisha watoto Jumapili, mpole, msomi. Anastahili mimi, Ogari, karani wa mzani. Hastahili Joab Owino wa kiwandani, mtu wa kujipaka mafuta nywele mpaka kola inang'aa.

Jumatatu, 17 Desemba
Nimenakili vitendawili vyote. Karatasi ya darajani nikaibandua ili Joab asiione. Nikasikia watu wanakuja, nikaila. Jioni Mwalimu aliisoma upya mbele ya kambi nzima, kwa sauti ya mahubiri. Tumbo linaniuma bure.

Kazini nako vituko. Makapu yamekuwa mazito ghafla! Mimi si mtoto. Wachumaji wananyunyizia majani maji. Nimekata ratili nne kwa kila kapu, mbili za maji na mbili za adhabu. Wamelalamika sana. Nikawaambia mzani hausemi uongo.

Jumanne, 18 Desemba
Kitendawili cha kitalu cha miche: nyumba naifungua mvua ikija. Mwavuli! Cha shamba la juu: hunywa mito yote, halishibi. Ziwa! Cha kiwandani: ana macho mwili mzima, haoni. Nanasi! Akili yangu ni wembe.

Viwili vikanishinda. Nikamwendea Mellen, nikajifanya ninampima akili. Cha darajani: tamu, lakini walinzi wake wana mikuki. Akasema asali, wala hakuacha kufuma. Cha stoo ya masanduku: hula kuni, hunywa maji, hupumua moshi, huzungusha mashine zote. Akasema injini. Nikamsifu kwamba amejitahidi. Akaniuliza herufi nitazipangaje. Nikamwambia hayo ni mambo ya makarani.

Jumatano, 19 Desemba
Chini ya kila karatasi Mwalimu ameandika: fuata safari ya jani. Mapambo tu! Kila kitu duniani hupangwa kwa cheo. Kiwanda kwanza, maana kuna Mzungu. Kitalu mwisho, maana kuna matope. Hapo katikati nikafuata ukubwa wa manyapara. Nikapata NAZIM.

Mwili ulinisisimka. Bwana Nazim ana duka mjini Kericho. Anauza baiskeli!

Makapu bado mazito. Nimekata tena.

Alhamisi, 20 Desemba
Baada ya mzani wa mwisho nikadandia lori mpaka Kericho. Mvua yote juu yangu. Nikamwomba Bwana Nazim nati. Akaniletea kopo zima, nichague. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza. Nikaona tumeelewana, nikatoa baiskeli nje. Akanifuata na ile fimbo ya kupimia vitambaa. Inauma. Joab alikuwa ng'ambo ya barabara, anakunywa chai, anatazama.

Jumamosi, 22 Desemba
Siku mbaya. Mellen amekuja mzanini wachumaji wakiwa kwenye foleni. Akasema jani huanza kitaluni, likapandwa shambani, likavuka daraja, likaingia kiwandani, likaishia stoo. Ukizipanga herufi hivyo unapata MZANI. Nikamwambia aende zake, mimi niko hapa kila siku na sijaona nati yoyote.

Akanyoosha mkono juu ya kapu la mtu, kwenye kifurushi cha gunia kilichofungwa ndoanoni. Ninapotundika kofia! Akakifungua. Nati ya injini, kubwa kama mkate. Mshale wa mzani ukarudi ratili mbili, mbele ya macho ya watu wote. Wakaanza kuhesabu makapu yao kwa vidole. Halafu wakaanza kupiga kelele.

Nyapara akaniuliza kama nilitazama mshale kabla ya kutundika kapu. Nani hutazama mzani mtupu? Meneja ameamuru kila ratili niliyowapunja niichume kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumanne, 25 Desemba
Krismasi. Wenzangu wanaimba, mimi ninachuma. Mzee Ongeri amenikuta kichakani, kapu mgongoni. Akaniuliza baiskeli iko wapi. Mara Mellen huyo akapita nayo barabarani, anacheka, Joab anakimbia nyuma ameshika kiti asianguke. Nikamwambia Mzee ndiyo hiyo, nimewaazima vijana. Akasema Mellen amemweleza yote tangu jana, na habari za posa tusizizungumze tena. Hata hakukasirika, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alipoondoka nililia kidogo, nikiwa nimeinama ili nionekane ninachuma.

Lakini nimefikiri sana na kosa nimeliona. Ofisi ya Meneja! Nilipaswa kuiweka mbele ya kiwanda.

Jioni Mwalimu Alfayo ametangaza fumbo la Pasaka. Zawadi ni cherehani. Nimepita kwa Mzee Kebaso, baba yake Drusilla, nikamwambia ninayo.