Kuopolewa kwa Meno ya Bwana Muhdhar

Ketini, enyi watu wa Mkomani, nanyi wa Matondoni mlioacha kazi zenu kuja kutafuta umbea. Tegeni masikio, nami namuomba Mola anijaalie pumzi, kwani nasimulia vita ambavyo hakuna sultani aliyevithubutu: jinsi Bwana Muhdhar bin Fadhil, simba wa mimbari, bahari ya ufasaha, alivyoyaopoa meno yake kutoka birika la chooni.

Zilikuwa zama za Mwingereza, na homa ilikuwa imemwangusha shujaa wetu. Dresa wa hospitali akampima, akatangaza kwamba amepona. Lakini Bwana Gharib, aliyesoma hotuba za nikaha badala ya Muhdhar muda wote wa ugonjwa na kunogewa na kusikilizwa, alizunguka mabarazani akifundisha kwamba kwa tabibu kupona ni homa kushuka, kwa nahodha ni kufika bandarini, ama kwa khatibu ni sauti kurudi, na ya Muhdhar hakuna aliyeisikia. Siku ya vita hivyo, baada ya sala ya alasiri, Jamila, mtoto wa nduguye Muhdhar, alikuwa anaozwa. Asiposoma ami yake angesoma Gharib, na asingeiachia tena nafasi hiyo.

Basi shujaa akaingia chooni kutawadha. Akainamia birika, lile hodhi la maji lililojengwa kwa mawe, akapiga chafya, na yale meno ya kubandika, fahari iliyotoka Mombasa, yakaruka, yakazama, yakatua ndani ya bakuli la kaure lililojengewa chini kabisa ndani ya birika, ngome ya visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Visamaki wakayazingira. Muhdhar akakaza shuka kiunoni kama avaaye deraya ya vita, akatwaa kata ya kuogea, akatumbukiza mkono na kichwa. Mkewe, Bi Radhiya, akauliza mlangoni anafanya nini muda wote huo.

"Naopoa," akajibu shujaa.

Ole wa neno lile. Midomo isiyo na meno ililimeza katikati, mwangwi wa birika ukalivuruga, na kilichofika mlangoni kilikuwa "naoa".

"Waoa yeo?" akasema Bi Radhiya, taratibu sana. "Nimekukeshea homa nzima, nimekulisha uji kwa kijiko, ushapona, sasa waoa? Basi oa umo umo."

Akatia komeo kwa nje, akaketi ngazini akalia, maana aliumia kweli.

Adhana ikapanda. Kutoka kichochoroni mfungwa akamsikia Gharib akikohoa kuisafisha sauti, na ghadhabu ikampa nguvu za majeshi. Kata ikashuka, visamaki wakatawanyika, meno yakapaa yakichuruzika maji. Akayapachika, akasimama mbele ya mlango na kutoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Radhiya binti Badawi, nalikuwa naopoa. Na-o-po-a. Meno. Mola ameniponya kwa mikono yako; sina wa kuoa, wala simtaki."

"Sema tena."

"Meno?"

"Hilo la mwisho."

Akalisema tena, kila herufi mahali pake, na komeo likaondoka.

Msikitini, Gharib alikuwa keshafungua kinywa kuanza hotuba pale ndevu zilizolowa za Muhdhar zilipotokea mlangoni. Shujaa akasoma, na nguzo zikaitikia. Basi na iandikwe katika vitabu vya tarehe za Lamu kwamba siku ile mtu alipona homa, akaopoa meno, na mkewe akapoa moyo. Ama Bwana Gharib, yeye mpaka leo hajapata nafuu.