Vichupa vya Plastiki na Kiti cha Chini ya Feni

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Alhamdulillahi! Bi Mwanaarabu, mkuu wa maabara yetu hapa Amu, anakwenda umra. Kabla hajaondoka anataka vichupa vya damu vya kioo vitupwe, tuhamie plastiki. Mimi na mwenzangu Hadi tulete kila mmoja aina yake. Atakayeleta bora atakalia kiti chake, chini ya feni, mpaka arudi. Kiti changu! Hadi anajua kufuata maagizo tu.

Jumanne, 4 Novemba
Kila mtu kajaribu vyake kwa damu yake. Changu cha kifuniko cha zambarau kimejaa. Chekundu kimegoma katikati. Aibu! Hadi alipokwenda kuswali nikamimina kidogo kutoka cha zambarau, nikajazia chekundu. Si damu ileile? Namshukuru Mungu kwa akili hii.

Jumatano, 5 Novemba
Majibu ya chekundu changu. Potasiamu juu kupita kiasi, kalsiamu karibu hakuna. Hadi kayasoma mara mbili, kisha kaniuliza kwa upole kama nimeandika wasia. Mwenye damu hii moyo huwa umeshasimama.

Nimerudi nyumbani polepole. Nimemwomba radhi mke wangu, Ummu. Miaka yote ya kuomba mtoto, na sasa namwacha peke yake. Nimemsamehe Hadi, pamoja na feni. Ummu kalia, kisha kanipikia wali na kamba wa nazi. Nimekula sahani tatu. Mke mwema huyu, sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Niko hai! Bi Mwanaarabu kanitoa damu upya, kwa vichupa vya Hadi. Mzima kabisa. Kaniuliza nilifanya nini, nikasema. Kumbe dawa ya kuzuia damu isigande, iliyomo kwenye kile cha zambarau, ni chumvi ya potasiamu yenyewe, tena hunasa kalsiamu!

“Jeilani, usiyazie kitu kwa kitu tena,” kaniambia. “Hiyo si ndia.”

Nimeapa sitajazia tena, si njia. Kiti kapewa Hadi. Nimemshukuru Bi Mwanaarabu kwa dhati, nikiwa mlangoni.

Jumatatu, 10 Novemba
Bi Mwanaarabu kasafiri. Hadi, kitini, anachagua mikebe ya mkojo. Atakayeleta bora atakuwa naibu wake! Asubuhi nyumbani mkebe wangu haukujaa. Nikamwomba Ummu anijazie, akacheka, akanijazia. Hadi, kwa ukorofi, kachovya kila kipimo kilichomo kabatini.

Nina mimba.

Nimekimbia hadi nyumbani. Ummu mwenyewe hakujua. Tumekaa sakafuni tukalia, alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Halafu Bi Mwanaarabu anasema nisijazie. Nisingejazia, tungejuaje?