Mtindi wa Maksai

Jumatatu, 4 Machi 2019
Pudensiana kaninyang'anya wateja tena! Anamimina mtindi wa pakiti kwenye kibuyu cha mapambo, kisha analia mtandaoni, eti siri kaachiwa na marehemu bibi yake. Bibi yake namjua. Alikuwa anauza mkaa, Ngarenaro nzima inajua. Mimi ninayefukiza vibuyu kwa kijinga cha moto tangu usichana, mtindi wangu unadoda. Na Jumapili Mama Elinaza ana kipaimara cha mwanawe. Anataka mtindi wa watu mia mbili. Akipewa yule mlizi, basi, vibuyu navitundika ukutani.

Jumanne, 5 Machi
Mkwe wangu Theresia ana simu nzuri. Kaniambia nijirekodi tu nikifanya kazi yangu. Nani atamtazama bibi kizee anasugua kibuyu? Watu wanataka mambo! Ng'ombe wangu hana pembe, hana sura. Nimeazima wa jirani yangu Lesikar, mwenye pembe ndefu. Lesikar kanikumbusha kuwa huyo ni maksai. Nikamwambia watu wa mjini hutazama pembe, hawainami.

Alhamisi, 7 Machi
Wameinama! Arusha nzima imeinama! Kwenye video nimevaa shuka jipya, nimechuchumaa chini ya maksai, nakamua hewa huku naimba. Theresia kanisomea maoni. Mmoja: "Shikamoo bibi, hayo maziwa yanatokea wapi?" Mwingine wa Nduruma: "Bibi, ameshahasiwa, unamtesa tena?" Mama Elinaza kapiga simu, anamfikiria Pudensiana. Anamfikiria! Mimi niliyempokea siku anazaliwa!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeamka na hasira. Nikafukiza vibuyu huku namsema Pudensiana, namsema Lesikar, namsema na maksai. Nikanusa kibuyu. Bado. Nikaingiza kijinga tena. Nikasema mtindi unaonuka pakiti wapewe paka. Kumbe Theresia yuko mlangoni, anarekodi! Nikamkimbiza na kijinga mkononi. Hata hiyo kairusha!

Jumamosi, 9 Machi
Mama Elinaza kaja mwenyewe. Shikamoo tatu. Kaiona video ya vibuyu, kakumbuka harufu ya jikoni kwa mama yake. Oda yote yangu! Theresia anachekelea, eti si alisema, kazi yangu yenyewe inatosha. Nikamwambia aache upuuzi. Maksai ndiye aliyenitangaza, bila yeye nani angenijua? Nimeshaongea na Lesikar. Jumatatu analeta wawili. Na kitunguu cha kunitoa machozi ninacho.