Springi za Pikapu, Mgongo wa Mama

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mionzi. Mashine mama kaivumilia vizuri. Gari ndilo lililomshinda.

Kati ya nyumba yangu na hospitali kuna matuta kumi na moja. Leo nimeyahesabu kwa miguno yake. Kwenye la nne aliuma pindo la shuka. Kwenye la saba aliniomba nisimame avute pumzi, kisha akaniomba radhi, yeye, kwa kunichelewesha. Saratani imeingia uti wa mgongo. Anasema kila mtikiso ni kama mtu anamgonga nyundo kutoka ndani.

Jioni dada alipiga simu. Ameshapanga kila kitu, kama kawaida yake. Kwamba mama ahamie kwake, ng'ambo ya pili ya mji, maana mumewe ana gari kubwa lenye viti vya ngozi na halirukiruki. Shemeji alisikika nyuma akisema kwenye gari lake unaweza kubeba trei ya mayai pajani. Hakuulizwa.

Mama amekaa kwangu miaka tisa. Chumba chake ndicho chenye dirisha la jua la asubuhi. Mimi ndiye kitinda mimba wake. Hatoki. Nimemwambia dada anipe hadi Ijumaa. Mama akifika hospitali bila kuguna, anabaki kwangu. Akiguna, wamchukue. Dada kakubali haraka mno.

Kigari changu ni kidogo, sikatai, na umri kinao. Lakini mimi nimeuza magodoro miaka kumi na tisa. Shemeji anauza bima. Nani kati yetu anajua springi?

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi na mapema kwa fundi. Aliingia chini ya gari, akatoka, akafuta mikono. Kasema springi ni nzima. Ubovu uko kwenye shokapu, zile bomba zinazoituliza springi isiendelee kudunda. Zimekufa zote nne, na bushi, ile mipira ya kwenye viungo, imelika. Nimwachie gari siku moja afunge za kawaida, za gari hilihili, na mimi niendeshe polepole. Basi.

Basi! Huyu mtu hana upeo. Mama yangu ana saratani, yeye ananiletea mambo ya kawaida. Nikamwambia nitafikiria. Njiani nikafikiria kweli. Kitu kigumu kinalainishwa kwa kupunguzwa kilichokijaza. Nikashuka nikatoa upepo kwenye matairi yote manne hadi yakabweteka.

Gari lilikwenda kama limelewa, lakini laini! Tuta la kwanza mama hakuguna. La pili hakuguna. Kisha likaja shimo lile la karibu na kituo cha mafuta, ringi ikapiga lami na kupinda. Mama alikaa dakika arobaini kwenye benchi la mziba pancha, vumbi lote la barabara likiishia kwake. Tukafika zamu yake imepita, wakamweka wa mwisho. Alisubiri zaidi ya saa tatu kwenye kiti cha mbao. Hakulalamika. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

Nijikumbushe: upepo haukuwa na kosa. Kosa ni la shimo.

Jumatano, 5 Juni

Tulikwenda kwa teksi, maana ringi iko kwa mnyooshaji. Dereva aliendesha taratibu, kila tuta akalipita upandeupande, gurudumu mojamoja. Mama aliguna mara mbili tu. Mke wangu akauliza kwa nini na mimi nisiendeshe hivyo. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa nyuma.

Mchana, nikiwa dukani, wazo likaja lenyewe. Godoro la bei ya juu ndilo lenye springi nene. Springi nyembamba zinabonyea, mteja anarudi analalamika mgongo. Mgongo! Na kigari changu kina springi kama za kalamu. Nikafunga duka, nikaichukua ringi kwa mnyooshaji, nikaenda kwenye yadi ya magari mabovu, nikapata jozi ya nyuma ya pikapu iliyokuwa ikibeba saruji. Waya wake mnene kama dole gumba langu.

Fundi alipoziona alicheka. Kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Kasema hizo zimetengenezwa kwa mzigo wa tani, na kigari kikizivaa kitakuwa kigumu kuliko meza. Akakataa hata kuzigusa. Wivu wa mafundi naujua.

Nikazifunga mwenyewe, uani, kwa jeki ya kuazima. Mama alikuwa kibarazani. Aliniita nije nikae naye, kuna upepo mzuri. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Nilipomaliza jua lilikuwa limezama na yeye ameshaingizwa ndani. Springi hazikukaa sawasawa kwenye vikombe vyake, vile vikalio vya chuma, nikazibana kwa waya. Gari limeinua makalio kama bata anayekunywa maji. Linapendeza.

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Tuta la kwanza lilimrusha mama. Mke wangu, aliyekaa naye nyuma, anasema aliona mwanga kati yake na kiti. La pili hivyohivyo. Kufika la tano mama alikuwa analia. Si kuguna. Kulia, kimyakimya, uso kaugeuzia dirishani nisimwone kwenye kioo. Nilimwona. Sijapata kumwona mama akilia, hata siku tuliyomzika baba. Roho iliniuma hadi nikataka kusimamisha gari nimbebe mgongoni njia iliyobaki. Lakini zilibaki kilomita tatu, na mgongo wangu nao si wa kuaminika. Nikaendelea.

Mke wangu hasemi na mimi.

Nimesimama nje ya chumba cha mionzi, nikayakumbuka maneno ya fundi. Mzigo wa tani. Basi dawa si kuzitoa springi. Dawa ni kuzipa mzigo! Jioni nikapakia mchanga kwenye buti, magunia manne, na la tano mbele, pembeni ya kiti changu. Nikalala chini ya gari kutazama springi zinavyobonyea. Zinabonyea vizuri mno.

Mama alikuwa amesogezewa kiti mlangoni. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba wiki hii nzima ameona miguu yangu tu, imetokeza chini ya gari. Kwamba kama gari ni kwa ajili yake, niliache lilivyo, nije tuzungumze, hayo ya kutikisika atajua mwenyewe. Nikamwambia kesho atanishukuru.

Lakini ana haki. Miguu yangu haipendezi kutazamwa. Nikaenda kuvaa soksi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mtihani. Dada na shemeji walikuja mapema kushuhudia. Shemeji akalizunguka gari, akachungulia buti, akaniuliza kama najenga. Wakatufuata nyuma na gari lao.

Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, mama akasema leo afadhali. Maneno yake mwenyewe, mke wangu shahidi! Nikatoa mkono dirishani nikampungia shemeji. Nilijiona nimewashinda wote: fundi, dada, viti vya ngozi.

La tano tulilipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikoharibika. Waya ulikatika, springi ya kulia ikachomoka kwenye kikombe, nikaiona kwenye kioo inabingirika barabarani. Magunia yote yakahamia upande huo na gari likalala juu ya tairi. Mama alipiga ukelele mmoja mfupi.

Shemeji ndiye aliyemtoa. Alimbeba mikononi kama mtu aliyebeba kioo, akamlaza kwenye kiti chake cha nyuma, akaondoka naye. Afadhali angenitukana.

Daktari ameona ufa mpya kwenye pingili ya chini. Wamemlaza wodini, hatembei tena hadi watakapoona mwenendo. Nilimuuliza daktari kama ni gari. Akasema mifupa iliyofika hapo ingeweza kupasuka hata kwa kikohozi. Nimekishika hapohapo kikohozi. Mama alikuwa akikohoakohoa tangu Jumapili.

Jumamosi, 8 Juni

Wamemchukua kutoka wodini moja kwa moja hadi kwa dada. Mke wangu alifungasha nguo zake, akakunja mashuka, akafungua dirisha. Mimi nilikaa kitandani kwake. Lile godoro nilimchagulia mwenyewe, bora kuliko yote dukani, na sasa lina bonde dogo katikati, saizi yake.

Mchana fundi akaja. Mke wangu kamwita, hakuniuliza. Akatoa madude yangu, akarudisha springi za zamani, akafunga shokapu za kawaida na bushi mpya. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Akaniambia nikalijaribu. Nikayapita matuta yote kumi na moja, peke yangu, kiti cha nyuma kitupu. Gari lilipita kama mtu anayenyata. Baada ya la mwisho nikasimama pembeni nikalia, hadi mpita njia akagonga kioo kuniuliza kama nimeishiwa mafuta. Nikasema ndiyo.

Nimelitafakari sana jambo hili. Fundi kabahatisha. Mchanga wangu ndio ulioukalisha mwili wa gari, yeye kaja kuchukua sifa.

Jumapili, 16 Juni

Leo nimekwenda kumwona mama. Saa moja na nusu ya njia, gari halikutikisika. Nilikuwa nimejiandaa. Nitakaa naye hadi jioni. Nitamwomba msamaha wa Ijumaa na wa wiki nzima, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nafika getini, shemeji naye anaingia na gari lake, ametoka kununua mkate. Nikasikia. Ko, ko, ko, nyuma kushoto. Yeye hasikii, redio iko juu. Nikamwambia asimame hapohapo. Na gari hilo ndilo linalompeleka mama yangu hospitali! Nikavua shati nikaingia chini.

Dada alitoka kusema mama ameamka, ananiulizia. Nikasema nati moja tu. Akatoka tena kusema leo ana nguvu kidogo, ameomba wamwinue akae. Nikasema sasa hivi. Mara ya tatu niliona viatu vyake vimesimama kando ya tairi, kisha vikaondoka.

Nilipoingia ndani ilikuwa saa tisa. Mama alikuwa amepewa dawa, amelala. Uso umekuwa mdogo. Kiti kilikuwa kimesogezwa hadi ubavuni mwa kitanda, nikakaa dakika tano. Nilitaka kumshika mkono, lakini mikono yangu ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nikaaga.

Mlangoni dada akaniambia, bila kunitazama, kwamba daktari amesema sasa ni majuma, si miezi.

Nimepiga hesabu. Muda upo. Bushi za nyuma za gari la shemeji nitazimaliza Jumapili ijayo, za mbele Jumapili inayofuata.