Poda ya Kumnenepesha Baba

Jumapili, 2 Machi

Baba ametoka hospitalini Bungoma. Walimpasua tumbo, wakatoa kilichokuwa kibaya, wakamshona. Nilimbeba kutoka kwenye gari hadi kitandani, hapa nyumbani Kabuchai. Nilijikaza kama mtu anayebeba mzigo. Nikainua koti tupu! Huyu ndiye baba yangu, Mzee Mukhwana, aliyekuwa akitembea na gunia la mahindi begani huku akipiga mluzi. Nilienda nyuma ya jiko nikajifanya naongea na simu.

Muuguzi Phanice, anayemfuatilia, ametuambia dawa zimemaliza kazi yao. Sasa ni chakula. Protini: mayai, maharagwe, omena, maziwa, kidogo kidogo mara nyingi. Baba aliuliza jambo moja tu. Je, atakuwa anasimama kufikia harusi ya Nabwile, mwisho wa Aprili? Anataka kumsindikiza kitinda mimba wake kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Phanice akasema itategemea atakavyokula.

Dada yangu Nekoye amehamia hapa kumtunza. Mumewe, Kipyegon, ameleta mtungi wa maziwa na mayai kutoka kwao mlimani. Wote wakamsifu. Mimi Wangila, mwana wa kiume wa pekee, nilikuwa nimeleta ndizi. Zimeiva hadi zinatoka maji. Lazima nifanye jambo kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Kitale. Karibu na ninapouza viatu vya mitumba kuna duka la Bramwel, mtu mwenye kifua kama kabati. Ana poda ya protini kutoka ng'ambo. Mkebe mweusi, maandishi ya dhahabu, picha ya jamaa ambaye shingo yake ni pana kuliko kichwa. Bei yake ilinifanya nishike kaunta. Nikauliza kama kuna ya nafuu. Ipo, kwenye mfuko wa kawaida. Bramwel akakiri kwamba protini ni ileile, ila ya mkebe ina teknolojia.

Nani atampa baba yake kitu kisicho na teknolojia? Nimeuza kochi.

Alhamisi, 6 Machi

Uzinduzi, Kabuchai. Nilivaa shati jeupe. Nekoye, badala ya kupiga makofi, aliusoma mkebe mzima kisha akampigia Phanice. Phanice akasema figo za mzee ziko sawa, poda haitamdhuru, lakini protini ya kijiko kimoja anaweza kuipata kwenye mayai manne, na mwili hausomi bei. Nikamwambia Nekoye kwamba Phanice anasema hivyo kwa kuwa hajauona mkebe kwa macho yake.

Baba akaonja. Akafumba macho. Akauliza, "Hii ni ya kunywa, ama ni ya kupaka ukuta?"

Lakini aliniona ninavyomtazama. Akaimaliza yote, polepole, akiishika bilauri kwa mikono miwili. Moyo uliniuma kidogo. Nikamwongezea.

Jumamosi, 15 Machi

Msiba! Mkebe umeisha. Kosa si langu. Kila mgeni aliyekuja kumjulia Baba hali nilimwonjesha, apate kuona jinsi mwana anavyotunza mzazi. Juzi ilikuja kwaya nzima. Waimbaji wa sauti ya tatu walirudia kuonja.

Na Baba ameanza kuamka! Leo ameketi nje, akaota jua, akamgombeza kuku. Kipyegon alifika, akafurahi, akasema ni yale mayai. Mayai yake! Nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kwamba ni poda, tena nikauinua mkebe juu. Wote wakautazama kwa heshima. Nikaushika vizuri ili wasisikie ulivyo mtupu.

Sina kochi la pili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata njia. Asubuhi nimenunua sokoni Kitale soya, njugu na maziwa ya unga. Nimekaanga soya hadi zikabadilika rangi, njugu nikazimenya, nikaunguza vidole viwili. Nikapeleka vyote kwa mashine ya kusaga posho. Mwenye mashine akauliza kama nina mtoto mchanga. Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Nikatia vanila, nikajaza mkebe mweusi hadi juu.

Nilionja. Tamu! Najua nadanganya mgonjwa. Lakini ningemwambia Kipyegon nini? Kwamba mkebe wangu umeshindwa na kuku wake?

Ijumaa, 28 Machi

Baba amepimwa uzito zahanati. Umeongezeka! Tena ametembea hadi langoni na kurudi, akipumzika mara moja tu. Nilimwonyesha Phanice mkebe. Akaufungua, akanusa, akanitazama kwa muda mrefu, akaufunga. Akasema tuendelee hivyo hivyo, pamoja na mayai na maharagwe. Muuguzi huyu ana macho mabaya.

Ningekuwa na furaha. Lakini jioni Kipyegon alinivuta pembeni, kwenye miwa. Hakuwa na maringo hata kidogo. Mama yake aliteleza shambani, akaumia nyonga, na tangu hapo hali chakula vizuri. Amebaki macho tu.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo kitu imeamsha mzee. Nataka mikebe kama hiyo. Nitauza mtamba."

Mtamba wake mmoja! Yule mwenye mimba, anayemwita kwa jina na anakuja. Nikamwambia asiwe na haraka. Akasema mama hana muda wa kungoja, na mnunuzi atapiga simu Jumapili.

Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli. Niliivuta pumzi nzima. Mdomo wangu ukamwelekeza duka la Bramwel lilipo.

Jumapili, 30 Machi

Sikusikia neno la mahubiri. Baada ya ibada tulikaa barazani, Baba kwenye kiti chake, Nekoye akipukusa maharagwe. Simu ya Kipyegon ikalia. Mnunuzi. Wakaanza kupatana.

Nikasema, "Shemeji, ngoja kidogo." Wote wakanigeukia. Nikasema labda bei ya poda itashuka.

Baba akagonga fimbo sakafuni.

"Kipyegon, kata simu. Usiuze ng'ombe."

"Lakini mzee, si hii poda ndiyo—"

"Poda ya kwanza ilikuwa na ladha ya sabuni. Hii ninayokunywa sasa ni soya na njugu. Mimi nimelima njugu tangu nioe. Ati nisijue ladha yake?"

Kuku pekee ndio walioendelea na shughuli zao. Nekoye, bila kuinua kichwa, akasema aliona maganda ya njugu kwenye mkebe siku ile ile niliyouleta, na kwamba alinyamaza kwa sababu safari hii mzee alikuwa anaomba aongezwe. Kisha akasema mayai na maharagwe hayajawahi kukosa hata siku moja, poda iwepo isiwepo.

Kipyegon akamwambia mnunuzi ng'ombe hauzwi. Akaweka simu mfukoni. Akanitazama. Nilingoja ngumi, na ningeipokea.

Akauliza, kwa sauti ya chini, "Soya unakaanga namna gani, ili mama asiumwe na tumbo?"

Ngumi ingekuwa afadhali. Nilimweleza. Hadi jinsi ya kutambua zisizoiva vizuri, hadi kwenye kukoroga bila kuacha. Alisikiliza kama mwanafunzi. Nekoye akampimia maharagwe ya kuondoka nayo.

Walipoondoka barazani Baba aliniita karibu. Akachukua mkono wangu, akageuza vidole vyangu, akavitazama palipoungua.

"Umenidanganya," akasema.

Nikasema ndiyo, Baba.

"Ungeniambia tu umenipikia. Ningekunywa zaidi."

Nikaenda kukata kuni ambazo hakuna aliyeziomba.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo Nabwile ameolewa.

Suti ilimpwaya Baba mabegani. Mlangoni mwa kanisa alinipa fimbo. Nikamwambia aende nayo, si aibu. Akakataa kwa kichwa. Akamshika Nabwile mkono, wakaanza.

Katikati akasimama. Kanisa lote likasimama pamoja naye. Kwaya ikaurudia ubeti, ikaurudia tena. Nilipiga hatua mbele nikamsaidie, Nekoye akanishika koti. Nabwile hakumvuta. Alisimama tu kando yake, kana kwamba hapo ndipo walipopanga kusimama. Nikaona mgongo wa Baba ukipanda na kushuka. Kisha mguu wa kulia ukaenda. Na wa kushoto. Alifika. Akamkabidhi bwana harusi mkono wa binti yake, akageuka kutafuta kiti, na akatutazama sisi wote kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu na hana mzigo.

Nililia wazi, mbele ya sauti ya tatu. Kipyegon akanipa leso. Kando yake alikuwa ameketi mama yake, mwembamba, na gongo mapajani. Ananenepa polepole, Kipyegon ananiambia, kwa mayai, maziwa na ule unga wangu. Sasa anakataa kuunywa bila sukari. Mtamba amezaa.

Nimeamua. Kuanzia leo mimi ni mtu wa vitu vya kawaida. Chakula cha kawaida, bei ya kawaida. Muuguzi alisema kweli, na Nekoye pia, na hata kuku. Nimemaliza na upumbavu.

Jumatatu, 28 Aprili

Bungoma, nikirejesha viti vya harusi. Karibu na soko nilikutana na kijana mwenye tai, na meza ndogo yenye kitambaa cha velveti. Juu yake, chumvi. Ya waridi! Imechimbwa milimani ng'ambo, ndani ya mtungi wenye kifuniko cha mbao. Akanieleza ina madini mengi sana, ambayo mzee anayetoka ugonjwani anayahitaji mno, na kwamba chumvi ya duka haina hadhi hiyo.

Akataja bei. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nilikuwa imara. Nilimwambia wazi kwamba mimi si mshamba, familia yetu tayari imepitia mambo ya poda, na kamwe sitanunua poda nyingine maishani mwangu.

Akaniambia kwa adabu kwamba hii si poda. Ni mawe.

Nikainua mtungi kwenye mwanga. Kweli. Mawe kabisa.

Nimemwachia simu yangu kama amana. Pesa nitaileta kesho. Baba atashangaa!