Mawese ya Shangazi na Gauni la Sista

Wapendwa, leo sina pa kuficha uso.

Jana nilitoka Ilomba kwenda Iringa, nikafikia kwa shangazi. Nimeomba kazi ya kufundisha baiolojia kwenye shule ya masista, na leo nilitakiwa kufundisha somo moja la majaribio mbele ya Sista mkuu wa shule. (Miaka mitatu niko nyumbani na digrii yangu. Kazi hii nilikuwa naitaka mpaka naiota.)

Somo lenyewe: protini za ngozi ya nje ya bakteria. Nyingine zina mkia wa mafuta uliozama kwenye ngozi ile, ndio unaozishikilia. Kimeng'enya kikiukata, zinaachiliwa. Nikasema hapana, watoto hawa siwaandikii ubaoni, nawaonyesha! Koti langu la mvua likawa ngozi ya bakteria. Bisi zikawa protini, kila moja na uzi wake, na mwisho wa uzi donge la mawese niliyomletea shangazi. Kwa baridi ya asubuhi yalikuwa yameganda, unayachota kwa kijiko. Nikabandika, nikalivaa koti, nikarukaruka sebuleni. Haikudondoka hata moja!

"Mwanangu," shangazi akasema, "mawese ni ya maharage."

(Ningemsikiliza.)

Darasani nikaanza kwa mbwembwe. Mwanafunzi mmoja akaja na mkasi, yeye ndiye kimeng'enya. Kacha! Bisi chini. Makofi! Sista akaona natetemeka. Ulikuwa woga, yeye akadhani baridi. Akaleta jiko la mkaa, akaliweka nyuma yangu.

"Ota moto, mwalimu."

"Asante, Sista." (Kaniita mwalimu! Kichwa kikavimba.) Nikawaambia wanafunzi: "Bila kimeng'enya, protini haitoki ng'o!"

Bisi ya kwanza ikadondoka. Ya pili. Halafu zote, mawese yanachuruzika mikononi mwangu mpaka sakafuni. Sista akainuka kunisaidia. Nikaruka pembeni nisimchafue, nikakanyaga mafuta, nikateleza, nikashika cha karibu. Cha karibu kilikuwa Sista!

Gauni jeupe. Vidole kumi vyekundu.

Sista akajitazama. Akawageukia wanafunzi. "Protini inashikiliwa na nini?"

"Mkia wa mafutaaa!"

"Na mkia ukiyeyuka?"

"Inamshika Sistaaa!"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Somo hili hawatalisahau. Jumatatu uanze kazi, mwalimu. Ila koti liache kwa shangazi yako."

Nimepata kazi jamani, nina furaha mpaka machozi! Sasa anayejua kutoa mawese kwenye gauni la mtawa anieleze kwanza. Kucheka acheke baadaye.